Kwa nini treni haziwezi kugombania abiria kama matatu

Tulikuwa tumekwama pale Sachangwan, matatu ya Nakuru kwenda Kisumu, nyuma ya malori mawili. Moja lilikuwa na saruji, la pili limefunikwa turubai, na yote mawili yalipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni. Mzee aliyekaa kando yangu, mfanyabiashara wa viazi kutoka Molo, alitikisa kichwa na kusema mizigo kama ile mahali pake ni kwenye treni. Makanga akamgeukia. "Shida ya treni ni moja, mzee. Haina mshindani. Waruhusu kampuni kumi kama sisi hapa barabarani, uone kama bei haitaanguka yenyewe."

Matatu nzima iliitikia. Hata mimi nilijikuta nikikubali, kwa sababu hoja ilikuwa safi: sako zikiwa nyingi kwenye steji, nauli hupungua, gari likiwa moja tu, unalipa unachoambiwa. Basi ruhusu treni nyingi. Hoja hii nimeisikia pia kwa vinyozi, kwenye vikao vya harusi na redioni, hasa sasa ambapo habari za kuisogeza SGR, ile reli mpya, kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba zimerudi midomoni mwa watu. Ina ukweli ndani yake. Ila imekosea mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo penye mambo.

Tuanze na maneno. Ushindani ni pale mteja anapoweza kumwacha huyu akaenda kwa yule, na huyu akajua hivyo. Ukiritimba ni kinyume chake: muuzaji ni mmoja, huna pa kukimbilia. Halafu kuna maneno mawili ambayo kwa kawaida tunayachanganya, "reli" na "treni". Reli ni njia yenyewe, yaani vyuma, mataruma, kokoto, madaraja na ishara. Treni ni kile kinachopita juu yake, kichwa na mabehewa. Mwenye reli na mwenye treni wanaweza kuwa mtu mmoja au watu wawili tofauti. Kwa matatu jibu ni moja tu: hakuna sako inayomiliki barabara ya Nakuru–Kericho. Barabara ni ya umma, inatengenezwa kwa hela za ushuru, zikiwemo shilingi 25 unazokatwa kwa kila lita ya petroli au dizeli. Makanga wetu alikuwa anashindana juu ya kitu ambacho hakukijenga na hakitengenezi. Ndiyo maana ushindani wake ni mwepisi.

Kitu cha pili: matatu inaweza kupita nyingine. Ikikosa nafasi inapanda ukingo wa barabara, na dereva akiona polisi anakata kona na kupitia kijijini. Treni haina usukani. Kati ya Nakuru na Kisumu reli ni njia moja, treni inayokwenda na inayorudi zinapishana stesheni tu, pale penye njia ya pembeni. Treni ikitoka Londiani, hakuna nyingine inayoweza kuja upande wa pili mpaka hiyo ifike inapopishana na wenzake. Na treni ya mizigo iliyobeba inaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, kwa hiyo huwezi kuwaachia madereva waelewane kwa honi.

Watu wamewahi kujaribu, msidhani. Reli ya Stockton na Darlington kaskazini mwa Uingereza ilipofunguliwa 1825, iliendeshwa karibu kama barabara. Mtu yeyote aliyelipa ada aliweza kuweka behewa lake na farasi wake, akabeba abiria au makaa. Njia ilikuwa moja yenye sehemu za kupishana. Madereva wakikutana katikati, hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Waligombana, na hadithi za walevi waliokataa kupisha zilikuwa nyingi. Ikabidi zisimikwe nguzo katikati ya sehemu mbili za kupishana: aliyeipita nguzo kwanza ndiye mwenye haki, mwenzake arudi. Ukiwahi kuona wapita njia wawili wanaotazamana katikati ya gogo lililotandikwa juu ya mtaro Ahero wakati wa mafuriko, umeiona reli ile. Kufika 1833 kampuni yenyewe ilikuwa imechukua kazi yote ya kuendesha treni. Ushindani wa mtindo wa matatu ulidumu miaka minane.

Lakini sababu kubwa zaidi ni hela.

Chukua kisiagi cha kijijini. Mashine unainunua mara moja kwa bei kubwa, kisha kusaga gorogoro moja kunagharimu kidogo sana. Wateja wakiwa mia, bei inatosha na unapata faida. Jirani akileta cha pili na wateja wakabaki mia walewale, nyote wawili mna mashine nzima ya kulipia na nusu ya wateja. Mwaka mmoja kijiji kitafurahia bei ya chini. Wa pili, mmoja wenu atafunga, na aliyebaki atapandisha.

Reli ni kisiagi hicho kikiwa na urefu wa zaidi ya kilomita 200. Tuseme, kwa mfano wa kuhesabu tu, kwamba kuitunza reli fulani kunahitaji shilingi milioni moja kila siku, treni zipite zisipite. Zikipita treni mbili kwa siku, kila moja inabeba deni la shilingi 500,000 kabla hata ya kununua dizeli. Zikipita 20, deni linashuka hadi 50,000. Sasa mjenge reli ya pili sambamba ili "kuleta ushindani", mgawane zile treni 20. Kila reli ina treni kumi na bado inataka milioni yake. Deni limepanda hadi 100,000 kwa kila treni. Mmeleta mshindani na gharama ikaongezeka maradufu. Wachumi huita hali hii ukiritimba wa asili, nami napenda neno "asili" hapo, kwa sababu halimlaumu mtu. Hakuna mwovu aliyeupanga. Umetokana na namna gharama zenyewe zilivyo.

Kuna mahali reli sambamba zinaishi vizuri. Kati ya Osaka na Kobe huko Japani zinakimbia njia za kampuni tatu, JR, Hankyu na Hanshin, katika ukanda mwembamba kati ya milima na bahari. Zinagombania abiria kweli. Lakini ule ni mji mmoja mrefu wenye mamilioni ya watu wanaosafiri kila asubuhi. Uingereza ilijenga reli nyingi sambamba katika karne ya 19, na sehemu kubwa ya zile zilizorudufiwa zilifungwa katika miaka ya 1960 zilipokosa wa kuzilipia. Kati ya Fort Ternan na Koru hakuna mamilioni. Kuna mashamba, ng'ombe, na watoto wanaopungia treni mkono.

Hapo makanga angenijibu: sawa, reli ibaki moja, lakini treni ziwe za kampuni tofauti. Hili ni wazo zito, na ndilo linalotumika Ulaya. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilizitaka nchi wanachama zitenganishe walau hesabu za reli na za treni, na baadaye ikaendelea kufungua mlango. Italia ndiyo mfano unaotajwa zaidi: Aprili 2012 kampuni ya Italo ilianza kuendesha treni za kasi kwenye njia zilezile zinazotumiwa na Trenitalia ya serikali, nauli zikashuka na abiria wakaongezeka. Hispania ilifuata. Ouigo iliingia 2021, Iryo 2022, zote zikigombana na Renfe ya serikali katika njia kama ya Madrid na Barcelona. Karibu na kwetu, Afrika Kusini mnamo Agosti 2025 ilitangaza kampuni 11 za kuruhusiwa kupitisha treni zao za mizigo kwenye reli ya Transnet, kampuni ya serikali, ambayo hapo awali ilikuwa yote ya mtu mmoja.

Kwa hiyo inawezekana. Swali ni inahitaji nini, na inakoma wapi.

Kwanza inahitaji refa. Mtu lazima aseme treni ya nani inapita saa ngapi na inalipa ada gani ya njia, na mtu huyo asiwe na treni yake. Fikiria sako inayomiliki steji nzima ya Nakuru na wakati huohuo inawapangia wapinzani wake foleni. Magari yake yatajaa saa kumi na mbili asubuhi. Ya wengine yataitwa saa sita mchana jua likiwaka. Haihitaji hata nia mbaya. Ndiyo sababu nchi hizo zilitenga mwenye reli na wenye treni, zikaweka na msimamizi juu yao.

Lakini kuwatenga nako kuna ugonjwa wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi hawafiki. Gurudumu na reli ni kama kisu na kibao. Gurudumu bovu linaharibu reli. Reli mbovu inaharibu gurudumu. Vikiwa vya mtu mmoja, anajua hasara itatoka mfuko uleule, atatengeneza cha bei nafuu kati ya viwili. Vikiwa vya watu wawili, wanakuwa mwenye nyumba na mpangaji wanaolaumiana juu ya bomba linalovuja: huyu anasema ulivunja, yule anasema lilikuwa limeoza. Uingereza iliuza reli yake kwa kampuni moja, Railtrack, na uendeshaji wa treni ukagawiwa kampuni nyingine nyingi. Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na Hatfield, reli iliyokuwa na nyufa ilivunjika chini ya treni ya abiria. Watu wanne walikufa. Kilichowashtua zaidi wataalamu ni kwamba Railtrack haikujua vizuri hali ya mali yake yenyewe, na baada ya ajali ikapunguza kasi ya treni katika mamia ya sehemu kwa kutojua ni wapi pengine pana nyufa. Mwaka uliofuata kampuni ikaanguka, na 2002 kazi ya reli ikachukuliwa na Network Rail, isiyogawa faida kwa wenye hisa.

Nimewasikia watu wawili wakitumia kisa hichohicho kwa hoja mbili zinazopingana, mmoja akisema kinathibitisha ubinafsishaji ni wizi, mwingine kwamba Waingereza hawakubinafsisha vya kutosha. Nadhani wote wanavuta kamba isiyohusika. Kisa kinaonyesha kwamba ukikata kitu kimoja vipande viwili, pale ulipokata panahitaji mlinzi.

Kuna na jambo la kuchuma embe zilizoiva tu. Ruhusu kampuni mpya iingie kwenye safari ya Nairobi–Kisumu, nayo itachagua Ijumaa jioni na wiki ya Krismasi. Nani ataitaka Jumanne? Nani atasimama Kibigori kumchukua mama mmoja na kuku wawili? Tunalijua hili kutokana na matatu zenyewe: Desemba nauli ya kwenda Magharibi inapanda hadi watu wanalala steji, na kuna vijiji ambavyo gari la mwisho huondoka saa tisa alasiri. Treni ya abiria ya Nairobi–Kisumu iliporejea Desemba 2021, ikiondoka Ijumaa jioni na kufika Jumamosi asubuhi, ilikuwa tayari imejipanga kwenye embe iliyoiva. Mtu wa pili akija angegawana embe lilelile. Serikali inayotaka Kibigori ihudumiwe lazima ilipie huduma hiyo waziwazi, kwa sababu ushindani peke yake hautaifikia.

Zaidi ya yote, ushindani juu ya reli unahitaji mizigo au abiria wa kutosha. Italo ina watu wa Milano na Roma. Upande huu wa Nakuru treni ni chache. Kumi wakigawana kidogo, kila mmoja analipa ada kubwa, na wa kwanza kufilisika hayuko mbali.

Tusisahau pia upana. Reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 ina upana wa mita moja kamili, milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. SGR iliyofunguliwa Mombasa–Nairobi Mei 2017 na kusogezwa hadi Naivasha 2019 ina milimita 1,435. Behewa la huku haliingii kule. Kontena linalokuja Kisumu kwa SGR lazima lihamishwe kutoka treni moja hadi nyingine kule Naivasha. Watu husema "tuna reli mbili, zishindane". Haziwezi, kwa sababu kutoka Naivasha kuja huku moja ni mwendelezo wa nyingine. Ni kama kusema matatu ya Nakuru–Kericho inashindana na ya Kericho–Kisumu.

Basi kama huwezi kuwaacha wagombane juu ya reli, unaweza kuwaacha wagombanie reli yenyewe. Shule ya bweni haiwezi kuwa na majiko mawili yanayogombania wanafunzi saa ya chakula. Lakini inaweza kutangaza tenda kila baada ya miaka kadhaa: anayetaka kupika aje na bei yake. Ushindani unafanyika siku moja, siku ya kufungua bahasha, kisha aliyeshinda anapika peke yake.

Kenya tulilijaribu hilo. Novemba 2006 reli ya Kenya na Uganda ilikabidhiwa Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, njia na treni pamoja. Wamiliki walibadilika njiani, kutoka kundi lililoongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini hadi Citadel ya Misri. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa, serikali zikidai masharti ya uwekezaji na malipo hayakutimizwa. Miaka 25 ikawa kumi na kitu.

Kwa wengi, kisa hiki kinafunga mjadala: watu binafsi hawawezi reli. Sikubaliani, ingawa naelewa hasira. Tenda ya reli ina ugumu wake wa ndani. Mpishi wa shule akiharibu, unamfukuza muhula ujao na jiko liko palepale. Mwenye reli akiacha kutengeneza, madhara yanaonekana baada ya miaka, mataruma yakishaoza. Na mpangaji anayejua atahama mwakani hapaki nyumba rangi. Mkataba mfupi unamfanya asiwekeze, mkataba mrefu unamfanya asiogope. Nchi nyingi zilizojaribu njia hii zimekwama kati ya hayo mawili, na kinachosaidia ni wakaguzi wanaotembea kwenye reli kwa miguu, si wanaosoma ripoti tu.

Sasa turudi Sachangwan, nyuma ya lori la saruji, kwa sababu makanga alikosea pale aliposema treni haina mshindani. Mshindani alikuwa mbele yetu, anatutolea moshi.

Treni ya Kenya imegombana na lori kwa karibu miaka mia, na mara nyingi serikali ndiyo iliyoamua mshindi. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwabana wenye magari kwa leseni ili kuilinda reli yake. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni hizo, na biashara yote ya abiria ikageuka. Mabomba nayo yalichukua fungu lake: bomba la mafuta lilipofika Kisumu na Eldoret 1994, mafuta yaliyokuwa yakisafiri kwa mabehewa yakaanza kutiririka chini ya ardhi, na hakuna treni inayoweza kumshinda mshindani asiyelala wala kula.

Kisha ikaja 2019, serikali ilipoagiza makontena yanayoingia Mombasa yapandishwe SGR. Wenye malori waliandamana, kesi zikafunguliwa, na Septemba 2022 Rais Ruto akaliondoa agizo hilo siku zake za kwanza madarakani. Nalitaja kwa sababu linaonyesha upande wa pili wa sarafu. Reli inayohitaji mizigo ili kulipa mkopo inavutwa kuomba ukiritimba, hata pale usipokuwa wa asili. Wakati huohuo kila anayeagiza bidhaa nje, hata vigae vya duka la Kondele, amekuwa akilipa ushuru wa maendeleo ya reli tangu 2013, ulioanza kwa asilimia 1.5 ya thamani. Kwa hiyo lori linashindana na treni, na mwenye lori anaichangia treni. Naye mwenye treni anasema lori linachangiwa na barabara.

Yuko sahihi kwa sehemu. Majaribio yaliyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 yalitoa kanuni ya makadirio ambayo wahandisi bado wanaitumia: uzito kwenye ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka takriban mara 16. Ndiyo maana kuna mzani pale Gilgil, na ndiyo maana sheria ya Afrika Mashariki inaliwekea lori kikomo cha tani 56. Lori lililozidisha likiponyoka mzani, mimi na wewe ndio tunaolipia shimo. Treni inajilipia shimo lake. Ukisema lori ni nafuu, uliza kwanza nafuu kwa nani.

Na mshindani mwingine hata hatumwoni kutoka barabarani. Uganda haina bahari. Mfanyabiashara wa Kampala anaweza kupitisha shehena yake Mombasa au Dar es Salaam, na akipandishiwa bei upande mmoja anahamia wa pili. Nenda gati ya Kisumu ukabahatike kuikuta MV Uhuru: sitaha yake ina reli, na mabehewa yanaingizwa melini moja baada ya lingine, kabla ya safari ya Port Bell, bandari ya Uganda. Iliamshwa tena 2019 baada ya kulala miaka mingi, ikaanza kuvusha mafuta yaliyofika Kisumu kwa lile bomba lililoinyang'anya reli kazi. Mwanza kuna meli pacha yake, MV Umoja, nayo inakwenda Port Bell na mabehewa yake. Zote mbili ziliundwa Scotland katika miaka ya 1960 na zilikuwa za mwajiri mmoja, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, likiwa na ratiba moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 zikagawanywa, moja huku moja kule. Leo zikitia nanga Port Bell, kila moja inawakilisha bandari yake, reli yake na deni lake. Huo ndio ushindani mkali kuliko wote unaoigusa reli ya Kisumu, na Tanzania inaposogeza SGR yake ya umeme kuelekea Mwanza unazidi kukaza.

Nchi za wenzetu zimeliona hili pia. Marekani kampuni kubwa za mizigo zinamiliki reli zao na hazilazimiki kwa kawaida kupisha wapinzani. Magharibi zimebaki mbili kuu, BNSF na Union Pacific. Sheria ya 1980 iliziachia zipange bei zenyewe, na kwa miaka mingi wastani wa bei ukashuka, kwa sababu lori na mashua vilikuwa mlangoni. Aliyeumia ni mteja asiye na lori wala mto wala reli ya pili, kwa mfano mgodi wa makaa ulio mbali na kila kitu. Mkulima wa miwa wa Muhoroni anamwelewa bila tafsiri: miwa ikishakatwa inapoteza sukari kila siku inayopita, na kama kiwanda kinachofikika ni kimoja, bei ni ya kiwanda. Sheria ile ya Marekani haikumwacha hivyohivyo. Mteja wa namna hiyo ana mahali pa kulalamika bei ikizidi. Hapo ndipo nguvu za msimamizi zinapotakiwa, zaidi ya pale penye malori kumi yanayosubiri kazi.

Barabara ya Rironi–Mau Summit inayopanuliwa itakuwa ya kulipia. Yaani dereva wa lori la saruji atalipa kwa kila kilomita kitu kinachofanana na ada ya njia ambayo treni imekuwa ikiibeba tangu kuzaliwa. Nilimweleza makanga hivyo tulipokaribia Kericho. Alifikiri kidogo, akasema labda basi treni itapata mizigo. Kisha akamchokoza mzee: "Na wewe na viazi vyako, utapanda treni?"

Mzee alicheka mpaka akashika kofia. "Viazi? Gunia langu linapandishwa mara moja shambani, linashushwa mara moja soko la Kibuye, Kisumu. Nikipeleka stesheni nalipa wa kupakia, wa kushusha, wa kupakia tena, na wa mkokoteni. Mimi nilikuwa nazungumzia saruji."